Jina Kwanza, Ugonjwa Baadaye

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. La mvua ni la Mungu. La daftari ni la daktari kijana tuliyeletewa mwezi uliopita, binti mwembamba anayefanya utafiti wa uchovu wa madaktari. Anataka kila mmoja wetu ateme mate kwenye kichupa asubuhi, mchana na jioni, apimwe presha kila wiki, na aandike anavyojisikia, hata kama ni mstari mmoja. Wauguzi wameshambatiza Dokta Mate. Analiitikia jina hilo bila kinyongo, na kwa hilo tu nimempenda.

Nimemwambia nitashiriki ili kumsaidia, maana mimi sichoki. Hakucheka. Hapa naitwa Chuma, na sikujipa mwenyewe jina hilo. Wodi ya watoto ya hospitali hii niliikuta ina ndoo chini ya dari na paka kwenye stoo ya dawa. Leo madaktari wanafunzi wanaomba kuletwa kwangu. Vyaelea, basi viliundwa, na mmoja wa walioviunda ni mimi.

Kitu ninachojivunia kuliko vyeti vyangu vyote ni sheria ya wodi yangu: jina kwanza, ugonjwa baadaye. Kwenye raundi hakuna ruhusa ya kusema "homa ya mapafu" wala "kitanda cha pembeni" kabla hujamtaja mtoto kwa jina lake, tena bila kuchungulia faili. Anayekwama anaosha vikombe vya chai vya wodi nzima, awe mwanafunzi au bingwa. Mimi sijawahi kuviosha. Majina yenyewe sitayaandika humu, ni mali ya watoto na wazazi wao.

Alhamisi, 7 Machi

Presha yangu imesoma juu. Nimemwambia Dokta Mate akabadilishe betri za mashine yake.

Jumanne, 12 Machi

Maji yamezidi unga. Watoto wawili kila kitanda, na wengine kwenye magodoro kati ya vitanda, hata raundi tunaipiga kwa kuruka ruka. Malaria, kuharisha, vifua. Mama mmoja aliingia mbio na kichanga kilichokuwa kimeshageuka rangi ya majivu. Watu watatu walikuwa wameutafuta mshipa wakaukosa. Nikakaa chini sakafuni, nikamlaza mapajani, nikaupata kichwani juu ya sikio kwa sindano ya kwanza. Jioni alikuwa ananyonya. Wanafunzi walinitazama kwa macho yale, nami sitasema uongo kwamba sikuyapenda.

Msaidizi wangu hakuliona hilo kwa sababu zamu yake ilikuwa imekwisha na alikuwa ameshakwenda kwake. Ni bingwa mwenzangu, mdogo wangu kwa miaka, na tunamwita Taratibu. Saa yake ikifika anakabidhi, anafunga begi, anaaga kila mtu na kuondoka kama mtu wa benki. Simu ya wodi huwa ananipa mimi. Mimi simpi mtu, nalala nayo chini ya mto.

Jumapili, 17 Machi

Mume wangu anasema nasaga meno usingizini. "Mheshimiwa," ameniambia asubuhi, "mimi nilioa daktari, sikuoa mashine ya kusaga." Akiudhika ndipo huniita Mheshimiwa. Binti yetu alicheka mpaka chai ikamtoka puani, kisha akaniuliza kama ni kweli nilikuwepo nyumbani Jumapili iliyopita, maana hakumbuki.

Mume wangu hufundisha watu kuendesha gari, na kila kitu duniani anakifananisha na usukani. Anasema mwanafunzi anayetetemeka hamtishi hata kidogo. Anayemtisha ni yule anayepiga miayo huku lori linakuja. Nikamwambia sijaomba somo la udereva. Simu ikalia, nikaenda wodini.

Ijumaa, 29 Machi

Nywele zinabaki kwenye kitana. Nimebadilisha mafuta.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nilisita kitandani pa dirishani. Mtoto ananitazama, mama yake ananitazama, wanafunzi kalamu juu, na mimi kichwani kweupe. Sista Mkuu, ambaye tumefanya kazi pamoja tangu enzi za yule paka, alikuwa nyuma ya bega langu. Akakohoa, na ndani ya kikohozi mlikuwa na jina. Nikalitaja. Raundi ikaendelea.

Hakuna aliyejua. Ni usingizi tu, nitaufidia mvua zikiisha.

Jumatatu, 8 Aprili

Siku ya raha. Dokta Mate ametuletea matokeo ya kwanza, kila mtu karatasi yake yenye namba badala ya jina. Mate yana homoni ya msongo, na yeye ameichora ilivyokwenda kutoka asubuhi hadi jioni. Za wenzangu ni vilima vitupu: inapanda mtu anapoamka, inateremka hadi jioni. Kilima cha Taratibu ni kirefu kuliko vyote, nikamtania kwamba kumbe anaogopa hata kuamka. Yangu haina kilima. Imelala kutoka asubuhi hadi jioni, mstari ulionyooka kama meza.

Nikacheka kwa sauti. Msimu wa mvua, watoto juu ya watoto, na mwili wangu hata haujashtuka! Nikaitundika karatasi ukutani kwenye chumba cha chai, juu ya sinki, na chini yake nikaandika kwa kalamu nene: HIVI NDIVYO CHUMA ANAVYOSOMEKA. Wanafunzi wakaipiga picha. Dokta Mate alifungua mdomo, akaufunga. Nikampigapiga begani nikamwambia asione haya, hata matokeo mazuri ni matokeo.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua. Kazi. Sista Mkuu amekohoa mara nyingi.

Alhamisi, 18 Aprili

Tumempoteza mtoto leo mchana.

Alikuwa na miaka minne na mapafu mabovu, na amekaa nasi muda mrefu kuliko watoto wote wa sasa. Alikuwa na masharti yake. Kabla hujaweka stetoskopu kifuani kwake, ilikuwa lazima usikilize kwanza kandambili yake ya kushoto, umwambie inasemaje. Siku za mwanzo niliisikiliza kila asubuhi. Niliingia namwita jina lake kwa kulivuta, kama wauza samaki wanavyonadi, naye ananyoosha kandambili. Nilimwambia inasema imechoka kukaa chini ya kitanda, inataka kwenda nyumbani. Wiki hizi za karibuni nilikuwa namwambia sina nafasi, kesho.

Leo saa sita oksijeni haikumtosha tena. Tulifanya kila kinachofanywa, kwa mpangilio unaotakiwa, na mikono yangu haikukosea hata mara moja. Taratibu alikuwa upande wa pili wa kitanda, jasho linamtiririka. Tuliposimama, mimi ndiye niliyemwambia mama. Nilikaa chini, nikashusha sauti, nikasema maneno tunayowafundisha wanafunzi, kwa utaratibu wake. Taratibu alitoka nje kulia. Mimi nilikwenda kula. Nilimaliza sahani nzima, na nilipokuwa nanawa mikono ndipo nilipogundua kwamba sijahisi kitu. Si kwamba nilijikaza kisabuni, la. Nilitafuta huzuni ndani yangu kama mtu anavyopapasa swichi gizani, sikuigusa.

Jioni mama alikuja ofisini kuniaga. Mkononi alikuwa na mfuko, na kandambili zilionekana kwa juu. Alinishukuru. Mtu aliyepoteza mtoto mchana alinishukuru mimi. Kisha akasema: "Daktari, mwanangu alikuwa anakupenda. Nakuomba kitu kimoja. Mwite mara moja tu, vile ulivyokuwa unamwita asubuhi, nisikie."

Nikafungua mdomo. Sikuwa nalo.

Sista Mkuu hakuwepo wa kukohoa. Faili lilikuwa limeshapelekwa. Nilimshika mkono, nikasema pole, mama, pole sana, nikarudia pole mpaka akaelewa. Niliona akielewa. Akalitaja mwenyewe, kwa sauti ndogo, akaondoka.

Na hapa ninapoandika, limeshanitoka tena.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwita Dokta Mate ofisini, nikafunga mlango. Nilimuuliza karatasi yangu inasema nini hasa.

"Dokta, naomba usinikasirikie."

"Nitaamua mwenyewe. Sema."

"Ule mstari wako si utulivu. Mwili ukiamka, homoni hiyo inapanda, ndiyo inayokuamsha ukaikabili siku. Yako haipandi. Mwili wako umeitwa mara nyingi mno, sasa ukiitwa hauitikii."

Akaniambia watafiti hawajakubaliana kuhusu jambo hili, na kwamba mate peke yake hayamhukumu mtu. Lakini kuna presha inayopanda kila wiki. Kuna meno na nywele, mambo niliyoyaandika mwenyewe kwenye mistari ninayompa na kuyaita madogo. Akavipanga mbele yangu kimoja kimoja, kwa adabu, kama ninavyompangia mzazi. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza siku zote hizo.

"Ulishautundika ukutani, Dokta. Ningeanzia wapi?"

Nilimfokea. Nilimwambia amekuja juzi, ana vichupa badala ya wagonjwa, na wodi hii haikujengwa na watu wa kupima mate. Alisimama akasikiliza yote, akasema, "Ndiyo, Dokta," akatoka bila kubamiza mlango.

Nimekaa peke yangu mpaka hasira imeisha, na iliposhuka nikaona kilichokuwa chini yake, nacho ni aibu. Mwanafunzi angeniletea karatasi ile, homoni isiyopanda asubuhi, akaniambia mgonjwa huyu ni mzima kabisa, ningemfelisha pale pale mbele ya wenzake. Mimi bingwa nimeisoma, nikaishangilia, nikaitundika juu ya sinki.

Usiku nilimsimulia mume wangu. Nilimsubiri aseme mganga hajigangi. Hakusema. Alisema, "Utakufa na tai shingoni wewe," na sauti yake ikavunjika katikati. Sijawahi kumsikia hivyo. Niliogopa, na nikafurahi kidogo kwamba bado naweza kuogopa.

Jumatatu, 22 Aprili

Raundi ya leo nitaikumbuka.

Tulifika kitandani pa dirishani. Msichana mdogo, ameanza kupata nafuu, anacheza na mrija wa dripu. Nilitafuta jina lake, sikuliona. Nyuma yangu Sista Mkuu akakohoa. Nililisikia vizuri kabisa, ningeweza kulichukua kama nilivyochukua mengine. Nikageuka nikamwambia, "Asante, dada. Leo liache."

Kisha nikawaambia wote: "Jina la mtoto huyu silijui. Na jana sikulijua pia."

Mwanafunzi mmoja mrefu, anayeosha vikombe karibu kila wiki, alitazama viatu vyake. Nikamuuliza msichana mwenyewe, akaniambia, tena kwa madaha, jina lake na la mwanasesere wake. Nikamwomba Taratibu aendelee na raundi, nikaenda kwenye sinki.

Vikombe vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani. Yule mwanafunzi mrefu alinifuata akitaka kunisaidia, nikamkatalia. Sheria ni sheria, na niliitunga mimi. Juu ya kichwa changu karatasi ilikuwa bado inaning'inia na maneno yake ya kujisifu. Sista Mkuu alikuja na taulo. Yeye sikumkatalia. Tulifanya kazi mpaka vikombe vya mwisho, ndipo akaniambia: "Nilikuwa nakusaidia vibaya, dada yangu. Nilidhani nakustiri, kumbe nakuzika."

Nikamwambia hapana, tulikuwa tunazikana, mimi nilishika koleo na yeye akashika taa. Tukacheka wote wawili, sabuni mikononi.

Mchana niliomba likizo ya wiki tano, nikamwita Taratibu nikampa simu ya wodi. Aliipokea kwa mikono miwili. Nilitegemea aniulize maswali, lakini alisema tu: "Nenda ukapumzike, dada. Wodi uliyoijenga haitaanguka kwa kukosa wiki tano za mtu mmoja. Ingeanguka, ungekuwa hukuijenga."

Nimemdharau mtu huyu misimu mingapi! Nilidhani anakwenda nyumbani kwa sababu hajali. Kumbe ndiye aliyelia Alhamisi, kwa kuwa alibakiza cha kulilia.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimelala. Nimeamka, nimekula, nimelala.

Jumanne, 30 Aprili

Nimepiga simu wodini. Aliyepokea ni Sista Mkuu. Akaniambia namba ninayopiga haipatikani, akakata. Mume wangu ameniona nikicheka peke yangu. Presha bado iko juu na nimeanza vidonge, na daktari anayenitibu ni mkali kweli kweli. Nampenda.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua ilipumua asubuhi, nikatoka kuanika nguo. Binti yangu alikuwa ameosha viatu vyake akavipanga kwenye ngazi vikauke, na mwishoni palikuwa na kandambili. Niliinama kuzisogeza nipate pa kupita. Nikaishika ya kushoto. Sijui kwa nini, nikaiweka sikioni.

Jina likaja. Lilikuja na mvuto wake wote, nililitamka pale uani kwa sauti, kama ninavyoingia wodini. Nikaanguka nikakaa kwenye ngazi, juu ya viatu, na kilio kikanitoka ambacho sikuwa nakijua. Nilimlilia yeye, nikamlilia kila "kesho" niliyomwambia. Binti yangu alitoka mbio. Alikaa akanishika kichwa, nami nikamwambia jina, nikamwambia habari za kandambili inayotaka kwenda nyumbani. Alilia na mimi kwa mtoto asiyemjua. Mvua ikarudi, nguo zikaloa tena kamba nzima.

Mchana nilimwomba Sista Mkuu anitafutie namba ya mama yule na amuulize kwanza kama angependa nimpigie. Alikubali. Nilipompata sikujieleza sana. Nilisema, "Mama, uliniomba kitu, sikuwa nacho. Leo ninacho." Nikamwita mwanawe, kwa kuvuta, vile vile.

Akasema: "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Jumatatu, 27 Mei

Nimerudi. Mvua zinaaga, zinanyesha jioni tu na kwa uvivu.

Nilisimama nyuma ya raundi, mahali pa wanafunzi, na nikaona wodi yangu kwa mara ya kwanza tangu niijenge. Taratibu anaongoza polepole kama jina lake. Jina kwanza, ugonjwa baadaye, kitanda kwa kitanda, hakuna aliyekwama, hata yule mrefu. Msimu ulikuwa mbaya kwa hospitali zote, na sisi tulisimama. Nilijaa fahari. Zamani fahari yangu ilikuwa kwamba bila mimi wodi haiendi. Leo najivunia kwamba imekwenda.

Kuna sheria mpya ukutani, mwandiko wa Taratibu: simu ya wodi inakabidhiwa kila mwisho wa zamu, na asiyeikabidhi anaosha vikombe. Jioni nilimkabidhi mwenye zamu. Mfuko ukawa mwepesi, nikawa naupapasa njia nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Jua. Dokta Mate amenipimia mate upya. Nilimwomba radhi kwa maneno ya siku ile, mbele ya waliosikia na wasiosikia, naye akasema alishayasamehe kabla hajafika mwisho wa korido. Presha inashuka. Asubuhi mstari wangu umepanda kidogo. Si kilima, ni kichuguu, na amenionya nisikishangilie mno. Nimekishangilia kiasi.

Wanafunzi wapya wanaingia Jumatatu, na cha kwanza watakachokiona kwenye chumba cha chai ni karatasi ile ya zamani. Sista Mkuu aliniletea kiti nikipande niichane. Nikapanda na kalamu nene. Karatasi sikuichana. Nilikata maneno ya Chuma kwa mstari mmoja, kwa kuwa huyu ni mgonjwa wa wodi yangu kama wengine, na sheria yetu haina msamaha kwa bingwa. Nikaandika jina langu lote, langu na la baba yangu, kwa herufi kubwa za kusomeka toka mlangoni. Kisha chini yake nikaandika ugonjwa.